Kitako cha majaribio na kingo za nta: kazi ya kutupwa inayoamua meno bandia yatakaaje

Katika maabara ya meno kuna kitu tunakitengeneza kwa uangalifu, kinaingia mdomoni mwa mgonjwa mara mbili tatu, kisha kinaishia kwenye ndoo ya taka. Ni kitako cha majaribio, yaani bamba la muda linalokaa juu ya ufizi wa mtu asiye na meno, pamoja na ukingo wa nta unaokaa juu yake mahali pa meno. Kwa kuwa hakidumu, mafundi wengi hukifanya harakaharaka, na wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mazoezi hutaka tuvuke hapo upesi tufike kwenye kupanga meno, kazi inayopendeza macho. Mimi siafiki. Seti nyingi za meno bandia zinazorudishwa kwa malalamiko ya kuchezacheza, kugongana au kuumiza upande mmoja, ukizifuatilia nyuma unafika kwenye kitako ambacho hakikutulia siku daktari alipochukua kipimo cha mkutano wa mataya.

Mtu mwenye meno, mataya yake hukutana pale meno yanapokutana. Aliyeng'olewa yote amepoteza alama hiyo. Taya la chini linaweza kupanda hadi kidevu kikaribie pua, linaweza kusogea mbele, linaweza kwenda kando, na hakuna kitu cha kulizuia. Kwa hiyo daktari anahitaji kitu cha kushika nafasi ya meno kwa muda, ili apime uso uwe na urefu gani, mdomo uegemezwe kwa kiasi gani, na taya la chini likae wapi likilinganishwa na la juu. Vipimo vyote hivyo vinachorwa kwenye nta, na nta imekaa juu ya kitako. Kitako kikiyumba, ni sawa na fundi cherehani anayepima kiuno kwa utepe wa mpira: namba ataipata, lakini suruali haitamkaa mtu.

Kazi inaanza na modeli, yaani nakala ya plasta ya taya la mgonjwa, inayomiminwa kwenye kipimo (chapa ya ufizi) alichochukua daktari. Hapa nazungumzia modeli ya kipimo cha pili, ile iliyomiminwa kwa plasta ngumu, si ya kipimo cha mwanzo. Mfereji ulio kati ya ufizi na shavu lazima uonekane wote, kina chake na upana wake, kwa sababu ukingo wa kitako unatakiwa kuujaza vilevile kama meno yenyewe yatakavyoujaza. Fundi anayeikata modeli mpaka mfereji ukapotea ameshaharibu kabla hajaanza. Kwa nyuma, kitako cha juu kinaishia pale kaakaa gumu linapokwisha na kaakaa laini linapoanza kutikisika mgonjwa akisema "aa". Daktari ndiye anayepaswa kuuchora mstari huo. Asipouchora, mpigie simu, usiubahatishe.

Kisha angalia sehemu zilizobonyea chini ya tuta la ufizi, ule mwinuko unaobaki meno yakishang'olewa, ambako kitako kitaingia lakini hakitatoka. Kwa kawaida zinakuwa mbele ya taya la juu, kando ya zile nundu za nyuma za taya hilo, na upande wa ulimi wa taya la chini. Zijaze nta, lakini kwa ubahili. Usipozijaza, siku ya kukitoa kitako utaivunja modeli, na modeli hiyo ndiyo itakayotumika mpaka mwisho wa kazi. Ikivunjika, mgonjwa anaitwa upya kuchukuliwa vipimo. Ukizijaza kupita kiasi, kitako kinalegea mdomoni.

Kuhusu malighafi, nitasema wazi ninachopenda na nisichopenda.

Shelaki bado inatumika sana kwa sababu ni rahisi na ya haraka. Ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti huko India na Thailand, unaouzwa kama vipande bapa vyenye umbo la taya. Unakipasha kipande motoni, unakilaza juu ya modeli, unakibonyeza kwa vidole vilivyolowa, unakata kingo kwa mkasi kikiwa bado laini. Dakika chache tu umemaliza. Tatizo ni kwamba joto lililoilainisha shelaki mara ya kwanza litailainisha tena. Ukimwagia nta ya moto juu yake, inajikunja. Ikikaa mdomoni muda mrefu huku daktari anapima na kupima tena, inaanza kutii. Na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, ikiachwa dirishani mchana, jioni unaikuta na umbo jingine. Waliozoea kuitumia huipachika waya upande wa ulimi na nyuma ya kaakaa ili kuiimarisha. Inasaidia kidogo.

Ninayoitumia kila siku ni akriliki, plastiki ya meno bandia, ya aina inayojigandisha yenyewe. Inakuja kama unga na maji, na hayo maji, yaani monoma, ndiyo yenye tabia ngumu. Monoma tupu ikiganda hupungua ujazo kwa karibu asilimia 21. Ukiichanganya na unga kwa kipimo cha unga tatu kwa maji moja, upungufu unashuka hadi karibu asilimia 7, lakini haujaisha. Kwenye kitako cha juu madhara yake yanaonekana nyuma, katikati ya kaakaa: akriliki inajivuta kuelekea kwenye tuta na kuacha upenyo pale hasa tunapotaka ibane. Ndiyo maana siilazi yote kwa mkupuo. Modeli nailowesha maji, naipaka dawa ya kutenganisha ya alijineti, kisha nanyunyiza unga kidogo sehemu moja, naudondoshea monoma, nahamia sehemu nyingine. Kila tabaka linapungua peke yake, na linalofuata linaziba pengo lake. Kisha modeli inaingia kwenye chungu cha shinikizo chenye maji ya vuguvugu.

Joto la kwetu linaharakisha akriliki. Vitabu vingi vinakupa muda wa kufanyia kazi kwa chumba chenye baridi. Huku unga unageuka donge huku bado unatafuta kijiko. Chupa ya monoma naiweka mahali penye baridi na kivuli, mbali na moto, maana inashika moto kirahisi na mvuke wake hauna huruma kwa kichwa. Fungua madirisha. Glavu za kawaida usiziamini, monoma hupenya.

Ikishaganda, usikimbilie kuibandua. Iache kwenye modeli, ikiwezekana ilale hapo mpaka kesho. Akriliki ikitolewa ikiwa na joto inaendelea kujikunja mkononi mwako. Baada ya hapo ni kusaga: unene wa kama milimita 2 kwenye kaakaa na kwenye kuta, lakini juu ya tuta punguza ufike karibu milimita 1, kwa kuwa huko ndiko meno yatakakopangwa na nafasi ni finyu. Kingo ziwe za mviringo. Msasa upite kila mahali isipokuwa upande unaogusa ufizi. Huko unaondoa chunusi za akriliki tu.

Zipo karatasi za resini zinazogandishwa kwa mwanga. Ni safi, unene wake ni sawa kote, muda wa kufanyia kazi ni wako mwenyewe. Zinahitaji sanduku la taa na umeme usiokatika, na bei yake si ya kila maabara. Na kuna njia ya kutengeneza kitako cha kudumu kabisa kwa akriliki ya kupika, kisha kuweka nta juu yake. Kwa taya la chini lililosagika mpaka likawa bapa, hiyo ndiyo inayotulia kuliko zote, na kwa mgonjwa wa namna hiyo naona inafaa gharama yake. Ila itapikwa mara ya pili meno yakishapangwa, na kupika mara mbili kuna hatari ya kuipinda.

Jaribio langu ni dogo. Kitako kikiwa juu ya modeli, nakibonyeza kwa kidole upande wa kulia, halafu wa kushoto, halafu mbele. Kikiinuka upande wa pili hata kidogo, hakiendi kwa daktari.

Nta inakaa wapi

Hapa ndipo wanafunzi wanapoteleza. Wanaona tuta, wanaweka nta juu ya tuta. Lakini tuta la leo halipo mahali meno yalipokuwa. Baada ya kung'olewa meno, mfupa wa taya la juu huliwa kwenda juu na ndani, wa taya la chini kwenda chini, na kwa nyuma unazidi kutanuka nje. Utafiti wa Antje Tallgren, uliochapishwa mwaka 1972 baada ya kufuatilia watu wenye meno bandia kwa miaka 25, ulionyesha kwamba sehemu ya mbele ya taya la chini ilipungua karibu mara nne ya taya la juu. Kwa hiyo kwa mbele juu, nta lazima itangulie tuta. Alama ninayoitegemea ni kile kinundu kidogo cha nyama kilicho nyuma ya mahali pa meno mawili ya katikati: uso wa mbele wa nta unakuwa milimita 8 hadi 10 mbele ya kitovu chake. Ukiipanga juu ya tuta, mdomo unabonyea na mgonjwa anazeeka ghafla.

Namba za kuanzia ni hizi. Juu, mbele, kutoka kwenye kina cha mfereji kando ya ule uzi wa nyama unaoshika mdomo: milimita 22. Nyuma, kama 18. Chini, mbele: 18, na nyuma nta ishuke au ipande mpaka ifikie theluthi mbili za urefu wa kile kifuko cha nyama laini kilicho mwisho kabisa wa taya. Upana uwe milimita 4 hadi 6 mbele na 8 hadi 10 nyuma. Nta ya juu iinamie mbele kidogo. Ni wastani tu. Nafanya hivyo ili daktari akate kidogo badala ya kuanza kujenga upya. Na midomo yetu wengi ni minene kuliko ile ya picha za vitabuni, kwa hiyo fundi asiione nta iliyotokeza akadhani imekosewa. Mdomo wa mgonjwa ndio utakaoamua.

Nta yenyewe ina aina tatu kwa ugumu, na ya tatu, ngumu kuliko zote, ilikusudiwa nchi za joto. Soma paketi kabla ya kununua. Kitako kiwe kikavu kabisa unapobandika. Tone moja la maji likibaki chini, nta itabanduka mdomoni. Kunja karatasi ya nta iliyopashwa taratibu, bila kuacha hewa katikati, ipinde kufuata taya, iunganishe kwa kisu cha moto kuzunguka pande zote, kisha sawazisha juu kwa bati bapa lililopata moto. Kazi ikisafiri kwa basi kwenda mkoani, iache juu ya modeli yake na uombe isiwekwe karibu na injini.

Kuna jambo moja ambalo huwa nalikagua mara mbili: visigino. Nyuma kabisa, kitako cha juu kinapozunguka nundu ya taya na cha chini kinapopanda kile kifuko cha nyama, nafasi kati yao ni ndogo mno. Vikigusana huko kabla nta haijakutana mbele, vitako vinainuka, mgonjwa anafunga mdomo, kila kitu kinaonekana sawa, na kipimo ni cha uongo. Kata nta iishie kabla ya nundu, kwa mteremko, na usage akriliki hapo iwe nyembamba.

Kwenye kiti cha daktari

Daktari anaanza na nta ya juu: mdomo umeegemea vizuri, nta inaonekana milimita 1 hadi 2 chini ya mdomo uliotulia, kwa mzee pengine pungufu ya hapo au isionekane kabisa. Kwa kibao cha Fox, bamba linaloegemezwa kwenye nta na kutokeza nje ya mdomo, anahakikisha nta iko sambamba na mboni za macho na, kwa pembeni, na mstari wa Camper unaotoka pembe ya pua hadi kwenye kinundu cha sikio. Kisha anapunguza nta ya chini mpaka, taya likiwa limepumzika, pabaki upenyo wa milimita 2 hadi 4.

Matamshi yanasaidia, na vitabu humwagiza mgonjwa ahesabu kwa Kiingereza. Kwetu "sitini na sita" inatosha: nta za juu na chini zikigongana kwenye s, uso umerefushwa mno. "Vifaa vya fundi" inaonyesha kama ukingo wa juu unagusa mdomo wa chini pale unapolowana. "Thelathini na tatu" ni nzuri kwa ulimi, ila wengi husema "selasini" tangu utotoni, basi usiwahukumu kwa hilo. Nta ni nene, matamshi yasiaminiwe kupita kiasi hapa. Yatarudiwa meno yakishapangwa.

Mwisho ni kulirudisha taya nyuma mahali pake. Waliozoea meno ya zamani yaliyolika hupenda kulitanguliza mbele. "Mama, kunja ulimi uguse nyuma kabisa ya kaakaa, halafu funga polepole," na mara nyingi linarudi lenyewe. Nta zinachongwa mifereji, zinaunganishwa, zinachorwa mstari wa katikati, wa pembe za mdomo na wa tabasamu. Kutokana na mistari hiyo mimi nachagua ukubwa wa meno.

Zikirudi maabara nazisuuza kwa maji baridi na dawa, kisha navirudisha vitako juu ya modeli zake kabla sijagusa atikuleta, kile kifaa kinachoshika modeli mbili na kuiga mkutano wa mataya. Natazama nyuma, pale kwenye visigino, nikiwa nimeinua modeli kwenye mwanga. Nikiona upenyo chini ya kitako au visigino vimegusana, nampigia daktari simu kabla ya kuchanganya plasta.