Uzamili wa utafiti katika takwimu: yanayosemwa na yanayoangaliwa kwenye udahili

"GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu zote, inatosha?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila anayetaka kuomba uzamili wa takwimu. Ni swali la haki, ila linaanzia chini ya ukurasa, kwenye jumla. Wanaopitia maombi ya shahada ya utafiti huisoma transkripti mstari kwa mstari, wakitafuta majina manne au matano ya kozi, na jumla wanaiangalia baadaye. Dhana nyingi zinazozunguka kuhusu shahada hii zinatokana na kutolijua hilo.

"Kama hukusoma takwimu shahada ya kwanza, usijisumbue"

Wapo waliotoka hisabati, fizikia, uchumi, uhandisi na sayansi ya kompyuta, na wanaingia. Kinachotakiwa ni kalkulasi mpaka ile ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, na walau kozi moja ya takwimu iliyofundishwa kwa hisabati badala ya kwa kubonyeza vitufe. Idara zinazoegemea nadharia huongeza uchanganuzi wa namba halisi, ile kozi ya epsiloni na delta ambayo wanafunzi wengi huikwepa kama wanamkwepa mdai.

Mwenye pengo moja anaweza kupokelewa kwa masharti: asome kwanza kozi za kuziba pengo. Kabla hujashangilia barua hiyo, uliza kama kozi hizo zinahesabiwa kwenye krediti za shahada. Mara nyingi hazihesabiwi, na hapo una muhula wa ziada na ada ya ziada.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu ana cheti chenye neno "takwimu" kwa herufi kubwa, lakini ukifungua transkripti unakuta utangulizi, dodoso, ukusanyaji wa data, na matumizi ya programu fulani. A tupu. Mwingine ana B ya uchanganuzi na B+ ya uwezekano. Kwa shahada ya utafiti, mimi ningemwita wa pili kwanza.

"Ya utafiti haina darasa, unaandika tasnifu tu"

Inategemea mfumo. Zipo nchi ambako uzamili unaweza kufanywa kwa tasnifu peke yake. Lakini mahali pengi neno "utafiti" linapunguza idadi ya kozi tu, haliziondoi. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, uzamili wa miaka miwili una krediti 120, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Tasnifu huchukua sehemu ya krediti hizo. Zilizobaki ni madarasa, mazoezi na mitihani. Marekani na Kanada, vyuo vingi hutaka usishuke chini ya wastani wa B kwenye kozi, vinginevyo unaonywa au unaondolewa hata kama utafiti wako unakwenda vizuri.

Kozi za msingi zinafanana popote uendapo: uwezekano, nadharia ya ukadiriaji na upimaji wa nadharia tete, modeli za mstari, na ukokotoaji wa kitakwimu. Za kuchagua ndizo zinazotofautiana, kama mfuatano wa wakati, uchambuzi wa muda wa kuishi, mbinu za Bayes, usanifu wa majaribio. Zichague ukiwa na msimamizi wako. Kozi ya kuchagua iliyosomwa ovyo ni muhula uliopotea.

"Programu inakokotoa yenyewe, hisabati ya nini?"

Hii ndiyo inayowaumiza watu wakishaingia, kwa hiyo nitatulia hapa kidogo.

Kila aliyesoma takwimu ameambiwa kwamba variansi ya sampuli, yaani kipimo cha namba zilivyotawanyika kuzunguka wastani wake, inagawanywa kwa n−1, si kwa n, ambapo n ni idadi ya namba kwenye sampuli. Wengi wameikariri. Sasa chukua kundi lenye namba tatu tu: 1, 2 na 3. Wastani wake ni 2 na variansi yake halisi ni 2/3. Chota sampuli ya namba mbili, ukirudisha ya kwanza kabla ya kuchota ya pili. Sampuli zinazowezekana ni tisa. Tatu zina namba zinazojirudia, kama 2 na 2, na variansi yake ni 0. Nne zimepishana kwa moja, kama 1 na 2. Ukigawanya kwa n−1 unapata 0.5. Mbili zimepishana kwa mbili, unapata 2. Jumlisha zote tisa: 6. Gawanya kwa 9: 2/3, sawasawa na variansi halisi. Rudia ukigawanya kwa n, utapata 1/3. Nusu yake!

Mtumiaji wa programu anaishia hapo akiwa ameridhika. Mwanafunzi wa uzamili anaambiwa: thibitisha kwa sampuli ya ukubwa wowote, kutoka kundi lolote lenye variansi yenye kikomo. Akimaliza anaulizwa swali la pili: je, ukitafuta kipeuo cha pili, mkengeuko sanifu nao unatoka bila upendeleo, yaani wastani wake unafika kwenye thamani halisi? Rudi kwenye sampuli zetu tisa. Wastani wa vipeuo ni takriban 0.63, ilhali mkengeuko halisi ni takriban 0.82. Kwa nini? Jibu liko kwenye umbo la mkunjo wa kipeuo, na programu haiwezi kukuandikia hilo kwenye karatasi ya mtihani.

Ndiyo maana kamati inatafuta kozi zenye uthibitisho. Kuandika msimbo wa R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, nako kunatakiwa, tena sana, lakini ni rahisi zaidi kumfundisha mtu wa uthibitisho kuandika msimbo kuliko kinyume chake.

"Msimamizi atapatikana nikishaingia"

Kwenye idara nyingine ndivyo ilivyo. Kwenye nyingine, ombi lisilo na mwalimu aliyekubali kukusimamia halifiki hata kwenye mjadala. Soma masharti, kisha mwandikie mwalimu barua inayoonyesha kuwa umesoma walau makala yake moja. Ile ya "Ndugu Profesa, navutiwa na utafiti wako" inayotumwa kwa watu arobaini inatambulika kwa harufu.

Kosa la ndani zaidi liko kwenye pendekezo la utafiti. Mtu anaandika: "Uhusiano kati ya usingizi na shinikizo la damu." Hilo ni swali la afya. Mtu wa takwimu ataliuliza hivi: ikiwa baadhi ya wagonjwa waliacha kuhudhuria vipimo, na walioacha ndio hasa wenye shinikizo kubwa, kadirio letu linapinda kiasi gani na tulirekebisheje? Mwaka 1976 mwanatakwimu Donald Rubin alionyesha kwamba sababu ya data kukosekana inaamua kama unaweza kuipuuza au la, na watu bado wanalifanyia kazi suala hilo. Ukiweza kuona tofauti ya maswali hayo mawili, pendekezo lako limeshavuka nusu ya njia.

Yale ya haraka

Mtihani wa GRE, ule wa jumla wa kuombea masomo ya uzamili, si lazima kila mahali. Idara nyingi zimeuondoa au kuufanya wa hiari. Matokeo ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno. Barua ya mapendekezo kutoka kwa mkubwa asiyekufahamu ni dhaifu kuliko ya mhadhiri aliyesahihisha mitihani yako na kukumbuka ulivyojibu.

"Tasnifu lazima ije na theoremu mpya"

La hasha, na hofu hii imewakimbiza watu wazuri. Tasnifu ya uzamili inaweza kuchukua mbinu iliyopo na kuipima mahali ambapo haijapimwa vya kutosha. Mfano ni butistrapu, aliyoichapisha mwanatakwimu Bradley Efron mwaka 1979: unachota tena na tena kutoka kwenye sampuli yako mwenyewe, ukirudisha. Kadirio la masafa, yaani namba mbili zinazodaiwa kulizingira jibu halisi, likidai uhakika wa 95%, je, linashika kweli 95% pale sampuli ina watu 15 na data imelalia upande mmoja? Unatengeneza data bandia ambayo jibu lake unalijua, unarudia mara elfu kumi, unahesabu mara ngapi masafa yamelikamata jibu. Ikitoka 88%, una jambo la kueleza na sura nzima ya kulieleza.

Hakikisha tu umeandika ile namba ya kuanzishia bahati nasibu kwenye msimbo wako, inayofanya kompyuta itoe data bandia ileile kila unapouendesha. Mtahini akiuendesha upya na kupata 91%, swali la kwanza kwenye utetezi litakuwa hilo.