Kiki ya pedali ni nini, na kwa nini friwili ndiyo kipuri cha kwanza kununua

Mtazame mwendeshaji wa trayali, mchezo wa baiskeli wa kuvuka vizuizi, akiwa juu ya jiwe. Baiskeli yake haina siti. Gurudumu la mbele liko hewani, la nyuma limekanyaga jiwe kwa eneo lisilozidi kiganja, na breki ya nyuma ameishika kwa kidole kimoja. Mbele yake kuna mwanya wa zaidi ya mita moja, kisha jiwe jingine. Hana pa kurudi nyuma akatafute kasi. Anajikunja kidogo, anaachia breki, anasukuma pedali robo mzunguko tu, baiskeli inafyatuka, na kufumba na kufumbua gurudumu la nyuma limeshatua ng'ambo na breki imeshikwa tena. Msukumo huo mmoja wa mguu ndio kiki ya pedali.

Neno lenyewe tunalo tayari kwenye pikipiki. Ukipiga kiki, unatoa nguvu ya mguu mzima kwa mara moja, wala huipigi pikipiki kidogo kidogo ukategemea iwake. Kwenye trayali ni vivyo hivyo: nguvu yote ndani ya nusu sekunde, halafu basi. Hakuna kupiga pedali mfululizo kama mtu anayewahi sokoni.

Trayali ni mchezo wa kupita juu ya vizuizi, yaani mawe, magogo, kuta na mapipa, bila mguu kugusa chini. Kwa hesabu ya jadi, kila mguu unapogusa ni adhabu moja, na zikifika tano kipande hicho cha njia umekipoteza. Mchezo huu ulitoka kwenye pikipiki. Huko Katalonia, nchini Hispania, Pere Pi wa kiwanda cha pikipiki cha Montesa alitaka mwanawe Ot ajifunze mbinu za trayali ya pikipiki akiwa bado mdogo, akamfanyisha mazoezi kwenye baiskeli. Mtoto akakua akawa bingwa wa dunia wa baiskeli zaidi ya mara moja, na baba akaanzisha chapa ya baiskeli iitwayo Monty. Wengi wetu tuliuona mchezo huu kwa mara ya kwanza kupitia Danny MacAskill, kijana wa kisiwa cha Skye huko Uskoti, ambaye video yake ya Aprili 2009 ilimkuta akiwa fundi baiskeli katika duka moja mjini Edinburgh. Naupenda sana ukweli huo. Mtu anayefungua friwili kwa mikono yake huelewa kiki kwa namna ambayo mnunuzi wa baiskeli iliyokamilika huchelewa kuielewa.

Maana pikipiki ina injini, na baiskeli haina. Mwenye pikipiki akitaka kuruka mwanya huvuta mafuta. Mwenye baiskeli ana robo mzunguko wa pedali. Ukilielewa hilo, karibu maswali yote ya vipuri hujibika yenyewe: kipi kinaipitisha nguvu ile bila kuimeza, na kipi kinaikamata baada ya kutua.

Tuanze na gia. Baiskeli kubwa ya kubebea mizigo, ile nyeusi ya inchi 28, mara nyingi huwa na meno kama 44 mbele na 18 nyuma. Robo mzunguko wa pedali kwenye baiskeli hiyo unalisogeza gurudumu kama mita 1 na sentimita 34. Ni safari ndefu kwa msukumo mmoja, ndiyo maana ukiisukuma kutoka kusimama unahisi umekanyaga ukuta. Sasa angalia baiskeli za trayali. Ya inchi 26 kwa kawaida huwa na meno 18 mbele na 15 nyuma. Ya inchi 20, ambayo tairi lake la nyuma hukaa kwenye rimu ndogo zaidi, huwa na 18 kwa 12. Gia ni tofauti na magurudumu ni tofauti, lakini piga hesabu ya robo mzunguko: ya kwanza inasogea kama sentimita 63, ya pili kama sentimita 60. Karibu sawasawa! Nilipoipiga hesabu hiyo kwa mara ya kwanza, pembeni mwa daftari, niliirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Waendeshaji wa aina mbili za baiskeli wamefika mahali pamoja kwa kujaribu tu: sentimita 60 hivi ndizo mguu wa binadamu unaweza kuzitoa kwa mshindo mmoja, ukiwa umebeba mwili wote juu yake.

Kwa hiyo kama una BMX, baiskeli ndogo ya inchi 20, ya mtumba na unataka kuanza, usikimbilie rangi wala rimu za matobo. Tafuta gia ya mbele yenye meno 25 na uweke friwili ya meno 16 nyuma. Uwiano wake, yaani 25 kugawanywa kwa 16, ni 1.56, jirani kabisa na ule 1.5 wa baiskeli ya trayali ya inchi 20. Fundi yeyote anayejua kufupisha mnyororo ataifanya kazi hiyo, na utahisi tofauti siku hiyo hiyo.

Sasa friwili, na hapa nitakaa zaidi.

Friwili ndiyo inayokuruhusu kurudisha pedali nyuma bila gurudumu kugeuka. Ndani yake kuna ndimi, vyuma vidogo vinavyosukumwa nje na springi nyembamba kama unywele, na kuzizunguka kuna bangili yenye meno. Ukisukuma mbele, ndimi zinakabana na meno. Ukirudisha nyuma, zinateleza zikilia tik-tik-tik. Katika trayali unaihitaji sana, kwa sababu baada ya kiki mguu wako unakuwa umeshuka, nawe inabidi uurudishe juu ukiwa bado unadundadunda kwa gurudumu la nyuma, breki imefungwa, ili upige kiki ya pili. Bila friwili, kiki ingekuwa moja tu na mchezo umekwisha.

Tatizo ni nafasi iliyopo kati ya mlio na mlio. Friwili za kawaida za madukani huwa na milio kama 16 hadi 20 kwa mzunguko mzima. Chukua milio 18: kila mlio ni nyuzi (digrii) 20 za gurudumu. Kwa uwiano wa 1.5, pedali inaweza kwenda bure mpaka nyuzi 13 kabla ya ulimi kukamata. Robo mzunguko ni nyuzi 90, kwa hiyo unaweza kupoteza sehemu moja ya saba ya kiki yako bila kusogea hata kidole. Kibaya zaidi, hujui utapoteza kiasi gani. Mara hii ulimi unakamata mapema, mara ijayo unachelewa, na mwili ambao umeshajirusha mbele hauwezi kusubiri. Anayejifunza kwa friwili ya namna hiyo hudhani miguu yake ndiyo isiyo na mpangilio.

Ndiyo maana friwili za trayali huwa na milio mingi. White Industries ya Marekani ina yenye milio 72, na nyingine sokoni zina 108. Ya 72 ikikaa kwenye krenki, yaani mkono wa pedali, inakuachia nyuzi 5 tu, na ya 108 nyuzi 3 na kidogo. Nimesema ikikaa kwenye krenki, kwa sababu kwenye baiskeli nyingi za trayali friwili haiko nyuma. Iko mbele, imefungwa kwenye mkono wa pedali, na gia ya nyuma imekazwa moja kwa moja na habu, kitovu cha gurudumu. Sababu ni ukubwa: gia ya nyuma yenye meno 12 au 15 ni ndogo mno kubeba ndimi nene, lakini ya mbele yenye meno 18 ina nafasi. Matokeo yake ni kwamba mnyororo huzunguka wakati wote gurudumu linapozunguka, hata miguu ikiwa imetulia. Usiusafishe kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Vidole huondoka kwa namna hiyo.

Nami nilijifunza umuhimu wa ndimi kwa goti. Nilikuwa na BMX kuukuu, na kwa kuitunza niliijaza friwili grisi nzito kwa sindano, nikiamini ninaifanyia wema. Wiki ile ile, juu ya matofali mawili yaliyopangwa, nikapiga kiki na pedali ikashuka bure kama imekatika. Goti likagonga shingo ya usukani. Nikampelekea fundi wa mtaani kwetu. Akashika kigongeo na nyundo, akagonga kile kifuniko chenye vitundu viwili kwa kukizungusha upande ambao mimi ningeuita wa kukaza, maana nyuzi zake za skrubu zimegeuzwa, na gololi zikamwagika kwenye sahani ya bati. Ndimi zote mbili zilikuwa zimelala ndani ya grisi, hazisogei. Akazigusa kwa ncha ya msumari. "Umeilisha mpaka imeshiba, mwanangu," akasema. "Ulimi hauna pa kuinukia." Akaziosha kwa mafuta ya taa, akatia matone ya oili nyepesi, akafunga. Akaizungusha karibu na sikio langu, nikausikia mlio mkavu, unaolingana. Tangu hapo sipigi kiki kabla sijausikiliza.

Ukienda kununua friwili, fanya jambo hilo hilo. Ishike, zungusha kinyume taratibu, hesabu milio mpaka alama uliyoweka irudi pale ilipoanza. Usiridhike na maneno ya kwenye boksi. Kisha izungushe haraka usikilize: mlio unaoruka ruka ni ulimi mmoja unaochelewa.

Baada ya friwili, breki ya nyuma. Kiki bila breki ni kujitupa. Breki inapaswa kulifunga gurudumu kabisa, kwa kidole kimoja, na isiliache litikisike mbele wala nyuma hata kidogo. Breki ya Magura HS33 ya Ujerumani, inayokamata rimu kwa nguvu ya mafuta, imependwa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Waendeshaji hufanya jambo ambalo fundi wa kawaida angelikataa: wanachukua grenda na kuukwaruza upande wa rimu, mistari midogo ya mshazari, mpaka uparuze kama msasa. Breki hupiga kelele za kukera, raba zinaisha haraka, lakini gurudumu likifungwa limefungwa, hata kwenye unyevu. Wengine hupaka lami kidogo kwenye rimu laini, na inafanya kazi vizuri mpaka mvua inyeshe. Kwa anayeanza na breki za waya, raba nzuri, waya mpya na rimu iliyonyooshwa vitakufikisha mbali. Usitumie grenda kwenye rimu nyembamba ya mtumba, itapasuka.

Tairi la nyuma liwe pana, upepo uwe mdogo, kati ya psi 20 na 30 kwa wengi, ili lilikumbatie jiwe badala ya kudunda. Ukishuka kutoka kwenye tofali na kusikia rimu ikigonga, ongeza. Mnyororo uwe mpya. Haya mengine, rimu zenye matobo, boliti za titani, fremu nyepesi, yangoje.

Kuhusu mguu wenyewe. Kila mtu ana mguu mmoja unaopenda kukaa mbele. Wajerumani huuita mguu wa chokoleti. Kuujua wako, shuka mteremko mdogo umesimama juu ya pedali bila kukanyaga, kisha tazama ni upi uliotangulia bila kuamuriwa. Huo ndio wa kiki. Pedali yake ianze ikiwa sambamba na ardhi au juu kidogo. Ikianzia chini, robo mzunguko inakuwa imeshaliwa.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaojifunza, na ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa miezi, ni kuvuta usukani kwa mikono. Mikono ni kamba tu. Nguvu inatoka kwenye nyonga zinaposukumwa kuelekea usukani wakati mguu unakanyaga. Kosa la pili ni kuachia breki ukishaanza kusukuma. Breki iachiwe na pedali isukumwe kwa wakati ule ule. Ukichelewa hata kidogo unaisukuma baiskeli iliyofungwa, na mnyororo ndio unaopokea pigo.

Kabla ya yote, jifunze kusimama tuli na baiskeli isiyosogea, kisha kudunda kwa magurudumu yote mawili breki zikiwa zimeshikwa, kisha kudunda kwa la nyuma peke yake. Ukiweza kudunda mara kumi kwa gurudumu la nyuma bila kuweka mguu chini, chukua chaki. Chora mistari miwili sakafuni, umbali wa viganja viwili. Vaa kofia ngumu na kinga ya muundi, kwa sababu pedali ikikuponyoka hurudi na meno yake. Simama kwa gurudumu la nyuma kwenye mstari wa kwanza, piga kiki, tua kwenye wa pili na ufunge breki. Usiangalie umeruka mbali kiasi gani, angalia gurudumu limetua wapi. Likibaki juu ya chaki mara tano mfululizo bila kuteleza, futa mstari wa pili na uchore mwingine nusu kiganja mbele yake.