Waliohesabiwa forodhani, na ambao hawakuzaliwa

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 kila kaya ya Dar es Salaam ilijua itakachoulizwa: nani amelala hapa? Karani akaja na kishikwambi chake, mkuu wa kaya akataja majina, na nchi ikapata jibu lake: watu 61,741,120. Tangu hapo, kila nikizungumza na wanafunzi wa sekondari, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lilelile. "Mwalimu, enzi za utumwa tulikuwa wangapi?"

Mwaka 1860 hapakuwa na karani aliyepita Ungindo wala Unyamwezi. Waliohesabiwa ni wale waliolipiwa ushuru. Forodha ya Kilwa Kivinje iliandika idadi ya watumwa kwa sababu kila kichwa kiliiingizia fedha hazina ya Sultani wa Zanzibar, na ndiyo maana leo tunajua kuwa kati ya 1862 na 1867 walisafirishwa kutoka bandari hiyo watu zaidi ya 97,000. Upande wa Atlantiki, kumbukumbu za meli zinaonyesha kuwa watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa kutoka Afrika katika karne tatu na nusu hivi, na waliofika ng'ambo wakiwa hai ni kama milioni 10.7. Kwa hiyo takwimu zetu bora za zama zile ziliandikwa na wauzaji. Nimezisoma miaka mingi na bado sijazizoea.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua idadi ya waliouzwa na kudhani hiyo ndiyo hasara yote. Lakini aliyeuawa kijiji kilipovamiwa alfajiri hakufika forodhani. Aliyeanguka njiani kutoka Ziwa Nyasa, shingo ikiwa bado kwenye kongwa, mti wa kuwafungia mateka, naye hakufika. Kisha wako wale ambao hakuna forodha ingeweza kuwaandika.

Mfikirie msichana mmoja wa miaka kumi na sita anayechukuliwa kwao Uyao. Akichukuliwa kaka yake, familia imepoteza mkono wa kulima na mkuki wa kulinda boma. Akichukuliwa yeye, wameondoka pia watoto watano au sita ambao angewazaa pale, pamoja na wajukuu. Kwenye meli za Atlantiki karibu theluthi mbili walikuwa wanaume. Katika biashara ya upande wetu wanawake na wasichana walitafutwa sana. Idadi ya watu hukua kwa wanaozaa, kwa hiyo pwani yetu ya mashariki iliumizwa mahali penyewe pa ukuaji.

Waliobaki walijibana ndani ya maboma. Mashamba ya mbali yakaachwa, msitu ukarudi, na mbung'o, nzi wanaoeneza malale, wakarudi nao. Maradhi yalisafiri na misafara ileile: ndui, na kipindupindu kilichopiga Zanzibar na bara mwaka 1869 na 1870.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Ingetarajiwa watu wapate nafasi ya kupumua. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaingia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ikafagia ng'ombe wa wafugaji, na kwa Wamasai njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Utawala wa Kijerumani nao ulikuwa umeshaanza.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi Julai 1905, baada ya watu kulazimishwa kulima pamba ambayo haikuwalisha. Walioanguka mbele ya bunduki ni sehemu tu ya msiba. Vikosi vya Kijerumani vilichoma maghala, vikateketeza mazao shambani na kuzuia watu wasipande, kwa makusudi, ili njaa imalize kazi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika hadi 300,000. Sioni sababu ya kuiita hiyo njaa ya ukame. Ililetwa kwa kiberiti. Na mwanamke aliyekonda kwa njaa hashiki mimba kwa urahisi, kwa hiyo hata miaka baada ya risasi ya mwisho kusini palikuwa na vilio vichache vya watoto wachanga.

Kisha Vita Kuu ya kwanza. Hapa mjini tunapanda daladala za Kariakoo kila siku, na jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliokuwa na kambi pale. Wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na chakula kibaya kuliko kwa risasi. Mwaka 1918, homa kali ya mafua ikawapitia waliosalia.

Ndipo watawala wakatazama nchi iliyochoka hivyo na kuandika kuwa ni pori lisilo na watu. Dai hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu bado nalisikia. Nenda Liwale. Sehemu kubwa ya mbuga ya Selous, inayojulikana duniani kwa tembo, ilikuwa ardhi ya Wangindo na jirani zao. Baada ya Maji Maji vijiji vilipungua, wanyama na mbung'o wakasogea, na katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ikawahamisha waliobaki, sababu ikitajwa kuwa malale. Mtalii anapiga picha mahali palipokuwa jiko la mtu.

Watu wa Tanganyika walianza kuongezeka kwa kasi baadaye sana. Sensa ya 1948 ilikuta watu kama milioni 7.5, na ile ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, ilikuta milioni 12.3 nchi nzima pamoja na Zanzibar.

Kama una bibi au babu wa Kilwa, Liwale, Songea au Tunduru, muulize kijiji cha wazee wake kilikuwa wapi kabla ya kuhama, na kiliitwaje. Andika jina hilo, mto uliokuwa karibu, na ukoo ulioishi pale. Rekodi sauti yake kwa simu kama ataridhia. Majina hayo hayamo kwenye vitabu vya forodha, na wanaoyajua wanazidi kupungua.