Kutua kwenye simuleta: kugusa laini siyo kutua salama

Dhana: ndege ikigusa chini laini, umetua vizuri.
Tazama kwanza umegusa wapi, na kwa kasi gani. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ikiwa imeshusha flapu zote (vibao vya nyuma ya mabawa), inakaribia kwa takriban noti 65 (maili za baharini kwa saa). Ukija na 80, mabawa bado yana mnyanyuo mwingi: unavuta usukani, ndege inaelea tu, lami inakwisha. Na kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa kasi, breki zina kazi kubwa zaidi kwa karibu nusu. Utagusa laini kama pamba, kisha utaishia majanini. Kwenye lami iliyolowa, marubani wa ndege kubwa hugusa kwa uthabiti makusudi, matairi yapenye maji na kuanza kuzunguka.

Dhana: ukielekeza pua kwenye njia ya kutua, mteremko wa kushuka utajipanga.
Haujipangi. Kwa mteremko wa digrii 3, zidisha kasi yako juu ya ardhi mara 5: noti 65 ni kushuka kama futi 325 kwa dakika, noti 140 ni futi 700. Taa za PAPI, zile nne za kando ya njia zinazoonyesha kama uko juu au chini ya mteremko, zikiwa mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa. Nne nyekundu, uko chini mno. Ukifika futi 500 juu ya uwanja na kasi bado inayumba, paa tena. Hakuna aibu.

Dhana: ikidunda, sukuma pua chini.
Hili ndilo kosa linalovunja ndege nyingi. Gurudumu la pua linagusa kwanza, linairusha pua juu, na mdundo wa pili unazidi wa kwanza. Mdundo mdogo: shikilia pua ilipo, ongeza nguvu kidogo, tua upya kama njia inatosha. Mkubwa: nguvu zote, zuia pua isipande kupita kiasi, flapu zirudi digrii 20, nyingine baadaye kasi ikipanda.

Mara nyingi mdundo huanzia machoni. Skrini bapa haionyeshi kina, na anayekodolea lami iliyo mbele ya pua huvuta mapema au akachelewa. Kwenye futi 10 hadi 20 hamishia macho mwisho wa njia, ondoa nguvu, vuta kidogo kidogo kana kwamba unaizuia isiguse. Magurudumu makuu yatangulie.

Dhana: ukishagusa, umemaliza.
Upepo wa ubavuni bado unaweza kuinua bawa. Geuza usukani kuelekea upepo unakotoka, na uongeze kadiri kasi inavyopungua.