Wanaoogopa dawa za presha hawaongopi

Benchi la kliniki ya presha ni chuo kikuu. Mgonjwa mpya akikaa nusu saa tu, anainuka na shahada: vidonge hivi vinaua figo, hivi vinamaliza nguvu za kiume, na vile ukishaanza huachi mpaka kaburini. Mimi hukaa upande wa pili, nyuma ya dirisha la dawa, na nilichojifunza huko ni kwamba hawa watu hawaongopi. Wamekohoa kweli. Wameamka usiku mara tatu kwenda haja ndogo kweli. Viatu vimewabana kweli. Wanapokosea ni kwenye tafsiri.

Nianze na ile inayonikera zaidi. "Zote si dawa za presha? Zangu ziliisha, nikachukua za jirani." Presha inatokana na mambo matatu: moyo unasukuma kwa nguvu na kasi gani, mishipa imebana kiasi gani, na chumvi na maji yaliyomo mwilini ni kiasi gani. Kila dawa ina mlango wake wa kuingilia. Amlodipini inazuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya ukuta wa mshipa. Misuli ikikosa kalsiamu haikazi, basi mshipa unalegea. Bendrofluazidi na ndugu zake zinazifanya figo ziachie chumvi, na chumvi ikitoka maji hufuata. Atenololi inaukinga moyo na adrenalini, kemikali ya mwilini inayoukimbiza, ukapiga polepole. Sasa jirani akiwa anatumia atenololi na wewe una pumu, kidonge chake kinaweza kukubana kifua, kwa kuwa adrenalini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia njia zako za hewa zibaki wazi.

Milango hii ndiyo sababu ya watu wengi kupewa dawa mbili, na si kwamba ugonjwa wao umefika pabaya. Dozi ndogo mbili zinazopita njia tofauti mara nyingi hushusha presha kuliko dozi kubwa ya dawa moja, tena kwa maudhi machache. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa CREOLE, uliofanywa kwa wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Walilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi mbili zilizokuwa na amlodipini zilishinda ile isiyokuwa nayo.

"Dawa imenipa kifua kikuu."

Hii huja na kaptoprili au enalaprili, na hadithi yake naipenda. Huko Brazil kuna nyoka aitwaye jararaca. Akimgonga mnyama, presha ya mnyama huporomoka. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, aligundua kwamba sumu hiyo inaipa nguvu bradikinini, kemikali ya mwilini inayolegeza mishipa. Baadaye watafiti wawili wa kampuni ya Squibb nchini Marekani, Cushman na Ondetti, walifuata nyayo hizo wakatengeneza kidonge. Kaptoprili ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Kwa hiyo anayesema dawa hizi zina asili ya sumu hajakosea sana, ila kidonge chenyewe kinatengenezwa kiwandani na hakina tone la nyoka.

Kinachofanyika ni hiki. Mwilini kuna kimeng'enya chenye kazi mbili: kinatengeneza anjiotensini, kemikali inayokaza mishipa na kuzifanya figo zishike chumvi, na papo hapo kinavunjavunja bradikinini. Kaptoprili inakifunga mikono. Anjiotensini inapungua, presha inashuka. Lakini bradikinini nayo haina wa kuivunja. Inarundikana, inatekenya njia za hewa, mtu anakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu, hasa usiku. Nimeona watu waliomaliza dozi tatu za antibayotiki kwa kikohozi cha namna hii. Dawa yake ni kumwambia daktari, naye mara nyingi atakuhamishia losartani. Hiyo inakiacha kimeng'enya kiendelee na kazi zake, inaenda kuziba tundu la kufuli ambalo anjiotensini huingiza ufunguo. Kikohozi kinaisha, japo kinaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kuna jambo moja la kundi la kaptoprili lisilongoja kliniki: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Hutokea kwa wachache, lakini kwa watu weusi huonekana zaidi. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, na dawa hiyo usiiguse tena maishani. Na mama anayetaka kubeba mimba aseme mapema, maana kundi la kaptoprili na la losartani yote huweza kumdhuru mtoto tumboni. Zipo nyingine, kama metildopa, zinazotumika kwa wajawazito.

Kuhusu figo nitasema kwa kifupi, kwa sababu mambo yako kinyume. Kinachoua figo ni presha yenyewe, ikisaidiana na sukari. Dawa za kundi la kaptoprili na losartani hupunguza msukumo ndani ya vichujio vya figo, na ndiyo maana mwenye kisukari anayepoteza protini kwenye mkojo hupewa kwa makusudi. Msukumo ukipungua, kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kinaweza kupanda kidogo mwanzoni. Daktari anajua hilo; ndiyo sababu anakutuma maabara tena baada ya wiki moja au mbili, aone figo na potasiamu. Ukikwepa kipimo hicho kwa kuhurumia nauli, hapo ndipo hatari ilipo.

Nguvu za kiume? Presha isiyotibiwa inaharibu mishipa midogo, na ile inayohusika hapa ni midogo kweli kweli. Ni kweli pia kwamba dawa za kupunguza maji na baadhi ya zile za kupunguza mapigo zinaweza kuchangia. Zipo nyingine zisizo na tabia hiyo. Wanaume, semeni. Kidonge kinabadilishwa, lakini hakuna anayeweza kubadilisha siri.

Miguu kuvimba kwa amlodipini nayo inasumbua sana. Mishipa inayoleta damu imefunguka, inayoirudisha haijafunguka kwa kiwango hicho, basi maji yanavuja kwenye vifundo. Kuongeza Lasix, dawa ya kuondoa maji, hapo hakusaidii sana, kwani mwili haujajaa maji. Ila ukivimba miguu na huku huwezi kulala bila kuegemea mito mitatu, hiyo ni habari nyingine. Huenda ni moyo.

Na moyo ndipo penye swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa dirishani. Mama mmoja aliuliza hivi: "Mwanangu, moyo wangu wameuona kwenye kipimo, umetanuka na umechoka. Sasa kwa nini wananipa kidonge cha kuupunguza kasi? Si wanaumalizia?"

Hakuwa peke yake. Kwa miaka mingi hata vitabu vya udaktari vilikataza dawa hizi, ndugu za atenololi, kwa moyo ulioshindwa kazi. Mwaka 1975 madaktari wa Gothenburg, Sweden, akiwemo Finn Waagstein, waliandika kuhusu wagonjwa wachache waliopata nafuu kwa kuzitumia, na wengi hawakuwaamini. Ikachukua zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1999 tafiti mbili kubwa, moja ya bisoprololi na nyingine ya metoprololi, zilikuwa zimesimamishwa kabla ya wakati kwa sababu vifo vilikuwa vimepungua kwa karibu theluthi.

Sababu ni kwamba moyo dhaifu ukishindwa kutoa damu ya kutosha, mwili unadhani damu inamwagika. Unajibu vile ulivyozoea tangu enzi za mikuki: adrenalini inaucharaza moyo ukimbie, mishipa inabana, figo zinashika chumvi na maji. Kwa aliyechomwa mkuki, huo ni uokozi. Kwa moyo uliochoka, ni kumchapa punda aliyelemewa huku unamwongezea gunia. Karvediloli na bisoprololi zinamnyang'anya mwenye punda kiboko. Kwa sababu punda alikwisha kukizoea, kiboko kinaondolewa taratibu: karvediloli huanza na miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, ikaongezwa kila baada ya wiki mbili hivi mwili ukikubali. Wiki za mwanzo mtu anaweza kujisikia mzito zaidi. Mama akishavumilia hapo, mambo hugeuka. Kuiacha ghafla ndilo kosa kubwa, maana adrenalini yote inarudi kwa mkupuo.

Wagonjwa wa moyo wanaipenda Lasix kwa sababu kazi yake wanaiona chooni. Inaondoa maji, pumzi inarudi, na hilo si dogo. Lakini zinazoongeza miaka ni zile kimya: karvediloli, enalaprili, spironolaktoni, ambayo katika utafiti wa mwaka 1999 ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Siku hizi imeongezeka dapagliflozini, na kila wiki kuna anayeirudisha: "Wamekosea, hii ni ya sukari, mimi sina." Hawakukosea. Tangu 2019 inajulikana kwamba inausaidia moyo ulioshindwa hata kwa asiye na kisukari.

Wengine humeza siku kichwa kikiuma tu. Amlodipini hujijenga mwilini kwa siku saba hadi nane kabla ya kutulia. Kidonge kimoja cha Jumanne hakifanyi lolote la maana. Nifedipini ya kupasuliwa chini ya ulimi, ambayo wazee bado wanaiulizia, inashusha haraka mno, na damu ikapungua kwenye ubongo na moyo. Ilianza kukemewa miaka ya 1990.

Juzi alikuja mzee anayemeza vizuri, hakosi hata siku moja, na presha yake haishuki. Amepunguza chumvi, anatembea kwenda msikitini alfajiri. Tumepitia vidonge vyote kimoja kimoja, viko sawa. Nikamuuliza, "Na magoti, mzee, unayatibu kwa nini?"

"Aa, diklofenaki tu, mwanangu. Asubuhi na jioni, tangu mwaka jana."