Karantini ya siku 21: maswali ya mwaloni Kibirizi

Marburg, ugonjwa wa virusi unaoleta homa kali na kutoka damu, ilipozuka Biharamulo mkoani Kagera, Januari 2025, sisi wa Kigoma hatukulala. Basi la Mwanza linapita Nyakanazi, na Nyakanazi iko wilaya hiyo hiyo ya Biharamulo. Ugonjwa haukuvuka kuja kwetu, ila maswali yalivuka. Haya niliyaokota mwaloni Kibirizi, wanakoshushia samaki wa Ziwa Tanganyika, katikati ya chanja za dagaa, na mengine naulizwa hadi leo.

Bwana afya, karantini si ndiyo kufungiwa wagonjwa?

Hapana. Mgonjwa hutengwa kwenye kituo cha matibabu. Karantini ni ya mtu asiyeumwa aliyetangamana na mgonjwa: aliyemuuguza, aliyefua mashuka yake, aliyeosha maiti. Anakaa kando, anapimwa joto kila siku, basi. Gari la matangazo likipita likisema “wagonjwa walioko karantini”, nyumba nzima imeshabandikwa jina, na jirani hatakubali tena chenji kutoka mkononi mwao. Ndiyo maana nikipewa kipaza sauti naandika kwanza maneno yangu kwenye karatasi.

Kwa nini siku 21, isiwe wiki moja?

Kwa sababu virusi vya Marburg huweza kukaa mwilini kimya kuanzia siku 2 hadi 21 kabla homa haijaanza. Hesabu huanza siku uliyomgusa mgonjwa kwa mara ya mwisho, si siku tuliyokubishia hodi. Kama tumekufikia siku ya nane, zimebaki 13. Dai tarehe kutoka kwetu. Tukishindwa kukutajia siku ya kutoka, una haki ya kukasirika.

Na dagaa zangu nani atazigeuza?

Aliyeuliza ni mama mmoja mwenye fagio mkononi, jua likiwa la saa tano, huku nusu ya mzigo wake ikiwa bado mbichi upande wa chini. Mimi nilikuwa nimekuja na picha za dalili: homa, kutapika, kutoka damu. Nilizikunja.

Asiyeijua kazi ile ataona swali dogo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaa angani, mitumbwi inapumzika. Siku 21 zikiangukia vibaya zinameza giza lote la mwezi ule, na deni la mafuta ya boti halingoji. Mtu kama huyo usipomjibu atatoroka usiku aende mwalo mwingine, na mkutanoni tutasema jamii haina elimu. Elimu anayo. Alichokosa ni mtu wa kumgeuzia dagaa.

Siku hizi naanza na mambo ya nyumbani. Nani ana mzigo juani? Nani anakunywa dawa za presha au ARV kila siku, na zimebaki ngapi? Chakula kinatoka wapi, kinaletwa na nani, saa ngapi? Majibu nayatafuta kwa mtendaji na mwenyekiti kabla ya kwenda kwenye nyumba ya mtu. Kumbukeni Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Iliuma, lakini tarehe mbili zilijulikana, na watu walipanga.

Jana walisema hakuna Marburg, leo wanasema ipo. Tumwamini nani?

Hili limetusumbua kweli. Januari ile ilitangazwa kwanza kwamba sampuli zilizopimwa hazina virusi, kisha tarehe 20 Rais Samia akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitishwa. Bukoba mwaka 2023 nako yalianza maneno ya “ugonjwa usiojulikana”, hadi Machi 21 ulipopata jina: Marburg.

Kipimo kinaisemea sampuli ile, ya siku ile. Damu ikichukuliwa mapema mno, kabla ya saa 72 tangu dalili zianze, inaweza kuonekana safi na ikabidi kurudia. Hata hesabu ya mwisho ya Biharamulo ilikuwa ya wagonjwa 10, wote wakafariki, lakini maabara ilithibitisha wawili tu. Wanane walihesabiwa kwa dalili na uhusiano wao na wagonjwa wengine. Kwa hiyo kosa letu huwa ni kusema “hakuna” wakati tulipaswa kusema “sampuli hizi hazijaonyesha, tunapima nyingine, kesho saa nne tutarudi hapa.” Halafu turudi kweli saa nne, hata kama hatuna jipya.

Jirani yangu yuko karantini. Nimsalimie?

Msalimie. Marburg haisafiri kwa hewa kama mafua. Inaenezwa kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Asiye na dalili haambukizi. Simama mbali kidogo, muulize hali, mwachie mboga mlangoni.

Nikianza homa siku ya 12?

Huku kwetu homa nyingi ni malaria, na pengine yako ni hiyo hiyo. Usibahatishe. Baki chumbani, usipande bodaboda, piga 199, ni bure. Watakuja kukuchukua na kupima yote mawili.

Akifa mtu, tutamzika wenyewe?

Kuosha mwili, hapana. Maiti ya Marburg ina virusi vingi mno. Dua au misa ifanyike, kaburi mchague ninyi, ndugu wasimame kwa mbali na waone. Timu ikitaka kuzika bila ndugu kujua, ikatalieni, muiteni mwenyekiti.

Siku ya 22 naenda sokoni?

Unaenda, kama hukupata dalili wala hukumgusa mgonjwa mwingine. Usichanganye na siku 42: hizo ni za kutangaza mlipuko wenyewe umekwisha, kama ilivyotangazwa kwa Biharamulo Machi 13, 2025. Wewe zako zimeisha. Mwambie mwenyekiti akutangaze, kwa kipaza sauti kile kile kilichotangaza kuingia kwako, na bwana afya aje akupe mkono pale mwaloni, watu wakiona.