Kurudisha ganda la risasi kwenye vipimo: shingo peke yake au ganda zima?

Baruti inapowaka ndani ya bunduki, ganda la risasi hutanuka mpaka likabana kuta za chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa. Ndivyo linavyoziba gesi isirudi nyuma kwa mpigaji. Mgandamizo ukishuka, ganda hunywea, ila halirudi kabisa lilivyokuwa. Kwa hiyo Mmarekani anayejaza risasi zake upya nyumbani, kabla ya kutia fataki (kiwashio cha baruti) na baruti mpya, hulisukuma ganda ndani ya kalibu ya chuma ili libanwe upya. Huko ndiko kurudisha vipimo.

Swali ni ubane kiasi gani. Wapo wanaobana shingo tu, mahali kichwa cha risasi kinaposhikiliwa. Bega, yaani mteremko ulio chini ya shingo, na mwili huachwa vilivyo, kwa kuwa vimekwisha kuchukua umbo la chemba ileile, kama kiatu kilichozoea mguu. Njia hii iliwafaa sana wenye Lee-Enfield ya .303, bunduki ya jeshi la Uingereza ambayo chemba yake huwa na nafasi ya kutosha. Ukilibana ganda lake lote kila mara, linavutika kila linapopigwa, na halidumu. Ubaya wa kubana shingo tu ni kwamba baada ya ganda kupigwa mara kadhaa bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, huanza kuwa nzito kufunga, na hapo huna budi kulibana lote.

Kwa bunduki inayojipakia yenyewe, kama M1 Garand, usibishane: bana ganda zima. Bolti yake hufungwa na springi, hakuna mkono wa kuisaidia ganda likikwama.

Mimi naona kosa kubwa liko kwingine. Maelekezo mengi ya kalibu husema izungushe chini kwenye mashine mpaka iguse kishikio kinachoshika kitako cha ganda, kisha ongeza kidogo. Hayo hayajui chemba yako. Bega likisukumwa nyuma kupita kiasi, risasi inakuwa na mwanya ndani ya chemba. Ikipigwa, mwili wa ganda hushika kuta huku kitako kikirudi nyuma, na shaba inavutika juu kidogo tu ya kitako. Hurudiwa hivyo mpaka ganda linakatika. Dalili yake ni mfereji mwembamba kwa ndani, unaoweza kuupapasa kwa ncha ya waya uliopindwa.

Dawa ni kupima. Chukua ganda lililopigwa katika bunduki yako mara mbili tatu, maana likipigwa mara moja huenda halijajaza chemba. Pima kutoka kitako hadi bega, kisha shusha kalibu kidogokidogo mpaka bega lirudi kama milimita 0.05 kwa bunduki ya bolti ya kufunga kwa mkono. Kwa inayojipakia, zaidi kidogo, karibu 0.1.

Na usisahau kupaka mafuta. Ganda kavu hunasa ndani ya kalibu, na kulitoa ni kazi ya mchana mzima.